Maduka ya hisani ugenini: pesa zinakwenda wapi, na msafiri anunue nini

Katika barabara kuu ya mji wa kawaida wa Uingereza si ajabu kukuta maduka matano ya vitu vilivyotumika yamepangana, kila moja na jina la shirika lake juu ya mlango: British Heart Foundation, Cancer Research UK, Barnardo's, Sue Ryder, Oxfam. Msafiri anaingia la kwanza na kuona koti la sufu la bei nafuu. Akifika la nne anakuta koti la aina hiyohiyo kwa bei mara tatu. Wala hakuna anayemlangua. Bei katika maduka haya haitoki kiwandani. Imepangwa chumba cha nyuma na mtu aliyelishika koti mkononi, akasoma lebo, akakisia, akabandika tagi. Kesho anaweza kuwa zamu mtu mwingine mwenye makisio mengine.

Mengi yanayomkanganya mgeni katika maduka ya hisani, kuanzia saa za ajabu za kufungua hadi uso anaokunjiwa akianza kupatana bei, yana maelezo yake huko huko nyuma ya pazia. Nani mwenye duka? Bidhaa amezipataje? Sheria ya nchi inampa nafuu gani? Ndiyo maana nitachelewa kidogo kufika kwenye rafu.

Sura moja, makusudi tofauti

Oxfam ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa duka linaloendeshwa ili kukusanya pesa. Kamati iliyolizaa shirika hilo iliundwa Oxford mwaka 1942 kutafuta namna ya kuwafikishia chakula Wagiriki waliokuwa wakifa njaa chini ya uvamizi wa vita. Baada ya vita watu waliendelea kuchanga nguo na vyombo vya kila namna, na mwishoni mwa miaka ya 1940 likafunguliwa duka katika nambari 17, Broad Street, ili vitu visivyofaa kusafirishwa vigeuzwe pesa. Mantiki hiyo haijabadilika. Koti lenyewe halimfikii mwenye shida. Kinachomfikia ni thamani yake. Kwa hiyo duka la namna hii linataka kuuza kwa bei nzuri kadiri mnunuzi atakavyokubali, na mgeni mwenye pesa mfukoni anakaribishwa kwa mikono miwili. Wasafiri wengine huona haya kuingia, wakidhani watawanyang'anya maskini riziki. Kwa maduka ya Uingereza hofu hiyo haina msingi: vitu vinavyochangwa ni vingi kuliko vinavyonunuliwa, na kisichouzwa hutolewa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa mitumba.

Marekani chimbuko ni jingine. Goodwill ilianza Boston mwaka 1902 kwa juhudi za mchungaji wa Kimethodisti, Edgar J. Helms, aliyekusanya vitu vilivyochakaa katika mitaa ya wenye nacho, kisha akawaajiri maskini kuvikarabati na kuviuza. Lengo lilikuwa kazi yenyewe. Hadi leo mapato ya Goodwill huendea mafunzo na huduma za ajira kwa watu ambao waajiri huwaruka, wakiwamo wenye ulemavu na waliotoka gerezani. Halafu si kampuni moja. Ni muungano wa mashirika takriban 150 yanayojitegemea, kila moja na eneo lake, hivyo punguzo ulilolizoea Seattle huenda hata halijulikani Denver. Jeshi la Wokovu nalo hutumia mauzo ya maduka yake mengi ya Marekani kuendesha vituo vya kuwasaidia watu kuachana na pombe na dawa za kulevya. Ukienda Norway, duka la Jeshi hilohilo linaitwa Fretex. Sweden linaitwa Myrorna. Bila kuambiwa, mgeni hawezi hata kubahatisha. Tukirudi Marekani, jijini New York kuna Housing Works, iliyoanzishwa mwaka 1990 kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wasio na makazi, ambayo maduka yake hupambwa vizuri kiasi kwamba mpita njia anaweza kuyapita akidhani ni ya mitindo.

Ufaransa wana Emmaüs, na hapa kazi na duka vimeshonwa pamoja zaidi kuliko popote ninapopajua. Jumuiya ya kwanza ilianza mwaka 1949 huko Neuilly-Plaisance, karibu na Paris. Watu waliokosa pa kukaa huishi pamoja, hukusanya vitu kwa malori, huvichambua, huvitengeneza na kuviuza, na hiyo ndiyo riziki yao. Ukishajua hivyo huna haja ya kuuliza kwa nini ghala zima hufunguliwa nusu siku mbili tatu tu kwa wiki, mara nyingi Jumatano na Jumamosi mchana, na kwa nini liko nje ya mji. Siku nyingine wamo barabarani wakikusanya. Samani na vyombo vikubwa aghalabu havina tagi. Unamwendea mhusika wa sehemu hiyo, anakutajia bei, anakuandikia kikaratasi, unalipa kwenye dawati jingine, kisha unarudi na risiti kuchukua kitu chako. Mgeni anayebeba taa moja kwa moja hadi mlangoni husimamishwa, na si kwa sababu ya ugeni wake.

Kisha kuna maduka yanayofanana na haya kwa kila kitu isipokuwa umiliki. Savers, ambayo Marekani na Kanada hujulikana zaidi kama Value Village, ni kampuni ya kibiashara, na tangu mwaka 2023 hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York. Hununua nguo na vyombo kwa uzito kutoka kwa mashirika ya hisani yanayovikusanya, kisha faida ya mauzo ni yake. Shirika la hisani limeshalipwa mlango wa nyuma. Pesa unayotoa wewe kwenye kaunta haliongezewi. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington aliishtaki mwaka 2017 akidai inawafanya wateja waamini kuwa wanachangia hisani. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwa upande wa kampuni, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Mimi sioni ubaya kununua humo. Ni maduka makubwa, yamepangwa kwa saizi, na hujaza rafu kila siku. Ila usijipongeze kwa kutoa sadaka.

Uholanzi na sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kiholanzi, kinachosukuma maduka haya zaidi ni taka. Huko utayakuta kwa jina la kringloopwinkel au kringwinkel, na yanataka kwanza kitu kisifike jalalani, pesa baadaye. Matokeo yake ni bei za chini na ukumbi mpana wenye kila kitu, kuanzia vijiko hadi makabati ya bibi. Katika mji wa Eskilstuna, Sweden, wazo hilo lilipelekwa mbali: mwaka 2015 palifunguliwa ReTuna, jengo zima la maduka yanayouza vitu vilivyotumika au kutengenezwa upya, lililo ubavuni mwa kituo cha manispaa cha kupokelea taka. Mtu anashusha kabati upande mmoja, linauzwa upande wa pili.

Mahali pekee ambapo ningemshauri msafiri arudi nyuma ni kwenye maduka ya kijamii yaliyotengwa kwa wenye kipato kidogo. Ujerumani huitwa Sozialkaufhaus, na taratibu zake zinatofautiana: mengine huuzia kila mtu, mengine humpa punguzo mwenye cheti cha msaada wa serikali, na mengine humwuzia huyo tu. Kuna tangazo mlangoni. Lisome kabla ya kuingia.

Kodi inavyolipanga duka

Sehemu hii ni kavu, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini maduka ya hisani ya Uingereza yako mahali ambapo maduka ya kawaida hushindwa kudumu. Duka la shirika la hisani linalouza hasa vitu vilivyochangwa husamehewa asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara, na halmashauri inaweza kusamehe hata iliyobaki. Mauzo ya vitu vilivyochangwa yana kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani. Wahudumu wengi ni wa kujitolea. Ukijumlisha hayo, unapata duka linaloweza kulipa pango la barabara kuu kwa kuuza vitabu na vikombe.

Kwa mgeni hii ina matokeo mawili. La kwanza, usiulize habari ya kurudishiwa kodi uwanja wa ndege: kwenye kitu kilichochangwa hakuna kodi ya kurudishwa, na mpango wenyewe wa kuwarejeshea wageni kodi ya bidhaa walizobeba madukani ulifutwa England, Scotland na Wales mwanzoni mwa 2021. La pili linahusu tagi yenye msimbo wa mistari utakayoiona kwenye baadhi ya vitu. Ule ni utaratibu wa Gift Aid. Mlipakodi wa Uingereza anapochanga kitu na kujaza fomu, duka hukiuza kama wakala wake, naye huchangia mapato, na serikali huongeza robo juu yake. Blauzi ya pauni 10 inaliingizia shirika pauni 12 na nusu kabla ya gharama. Ndiyo maana watu wa dukani huishughulikia tagi hiyo kwa makini, wasikubali uing'oe na kuwaletea nguo isiyo na tagi.

Marekani mshangao huja kwenye kaunta. Bei ya tagi haijajumlisha kodi ya mauzo, na kama inatozwa au haitozwi hutegemea jimbo. Oregon hakuna kabisa. Majimbo mengi ipo. Na karibu kila mahali utaulizwa kama ungependa kujazia senti zifike dola kamili kwa ajili ya shirika. Kukataa si kosa.

Kitu kinavyofika kwenye rafu

Mifuko hufika mlango wa nyuma. Mtu huimwaga mezani na kuchambua: kilichochanika, kilicholowa, kilichooza huenda upande mmoja, kinachouzika upande mwingine. Nguo zinazouzika hupigwa mvuke ili zinyooke na zikate harufu. Hazifuliwi. Hilo nalisisitiza kwa sababu nguo iliyopigwa mvuke hunukia na kuning'inia kama iliyofuliwa, na mnunuzi huivaa siku hiyohiyo.

Katikati ya kuchambua ndipo vitu vya thamani hutoweka, na hapa ndoto nyingi za wasafiri hufia. Mashirika makubwa yanajua bei za dunia. Goodwill imekuwa na tovuti yake ya mnada, ShopGoodwill, tangu 1999. Oxfam huuza mtandaoni na ina maduka maalumu ya vitabu ambako toleo la kwanza halitakaa kwenye kapu la vitabu vya bei ya chini. Saa nzuri, vito na mikoba ya majina makubwa huenda huko, au kwenye kabati la kioo karibu na kaunta, ikiwa imepimwa bei tayari. Duka dogo la kanisa au la hospitali ya mtaa, lenye bibi wawili kaunta na saa za kufungua zilizoandikwa kwa mkono, halina mtaalamu wa mnada. Kama kuna bahati, imejificha zaidi huko.

Mtaa nao una lake. Vitu huchangwa karibu na watu wanapoishi, kwa hiyo duka la Chelsea jijini London hupokea nguo za Chelsea, na bei zake zinajua hivyo. Mji wa chuo kikuu hutoa vitabu na, mwisho wa mwaka wa masomo, sufuria na taa za meza zilizotumika miezi tisa. Mji wa wastaafu pwani hutoa vyombo vya udongo, sufu na suti za watu waliovaa suti kila siku. Mimi ningetafuta huo wa mwisho. Mtaa wa vijana wenye mitindo ndio wa kukwepa, kwa kuwa vizuri vyote vimeshapitiwa asubuhi na wanaouza tena mtandaoni.

Kitu hakikai. Nguo isiyouzwa ndani ya wiki chache huondolewa kupisha nyingine. Maduka mengi ya Marekani hutumia tagi za rangi: kila wiki rangi moja, ile iliyokaa muda mrefu zaidi, hupunguzwa bei. Ubao ukutani hutaja rangi ya wiki. Mgeni huupita akidhani ni pambo. Kilichoshindwa hata hapo hupelekwa kwenye maduka ya mwisho ya Goodwill, ambako vitu humwagwa kwenye mapipa mapana na kuuzwa kwa uzito. Huko kuna sheria isiyo na mzaha: mapipa mapya yanapoingizwa, kila mtu hurudi nyuma na hakuna anayegusa hadi ruhusa itolewe. Vaa glavu. Kinachobaki baada ya hapo hufungwa marobota na kuuzwa nje, Asia Kusini, Ulaya Mashariki, Afrika, na wasomaji wengi hawahitaji kuelezwa kinachofuata.

Kuhusu kupatana bei

Kwa ufupi, usipatane. Aliyeko kaunta huenda hana mamlaka ya kubadilisha tagi, na katika nchi nyingi kumpunja mtu anayejitolea kwa ajili ya wagonjwa huonekana utovu wa adabu. Lakini kuonyesha kasoro si kupatana. Kifungo kimekosekana, zipu imegoma, sahani ina ufa: mwonyeshe kwa upole, uulize kama meneja anaweza kuitazama upya bei. Mara nyingi hupunguzwa bila maneno.

Uliza pia kama kuna chumba cha kujaribia nguo kabla ya kuanza kujipima katikati ya rafu. Maduka mengine hayana. Na uje na mfuko wako.

Cha kununua na cha kuacha

Ununuzi wenye akili kuliko wote ni ule wa siku za mwanzo za safari: koti la baridi, sweta, koti la mvua, mwavuli, chupa ya maji ya moto. Mtu anayetoka nchi ya joto akifika kaskazini mwezi wa Januari anaweza kununua koti zito asubuhi ya kwanza, akalivaa wiki tatu, akalirudisha dukani siku ya kuondoka. Ni kama kulikodi, isipokuwa ada yote imekwenda kwa shirika na koti linauzwa tena. Kwenye begi halikuchukua kilo hata moja.

Saizi zitakusumbua. Gauni la namba 12 la Uingereza ni 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia, na rafu moja inaweza kuwa na zote tano. Kiatu cha mwanamume namba 8 Uingereza ni 9 Marekani na 42 barani Ulaya. Juu ya hapo, namba zenyewe zimekuwa zikipanuka kwa miaka: gauni la miaka ya 1960 lenye namba yako litakubana. Beba utepe wa kupimia, upime nguo yako inayokutosha vizuri kabla ya kusafiri, uandike vipimo kwenye simu. Halafu usiisikilize lebo tena.

Nguo ya sufu iinue kwenye mwanga utafute vitobo vya nondo. Tazama makwapa, shingo, ncha za mikono, na uivute zipu mpaka juu mara mbili. Ukitoka, fua kwa nyuzijoto 60 au ikaushe kwa mashine ya joto kali kama kitambaa kinavumilia, kwani kunguni na mayai yake hawahimili joto hilo. Kisichovumilia joto kifungie kwenye mfuko wa plastiki mpaka utakapopata pa kukisafishia, kisikae na nguo nyingine begini.

Vifaa vya kupanda milima ndivyo vinavyowaumiza wengi. Buti zinaonekana mpya kabisa, soli haijaguswa na mawe, bei ni ya kutupa. Tatizo ni kwamba soli ya kati ya buti nyingi hutengenezwa kwa poliurithani, ambayo unyevu wa hewani huivunja taratibu hata buti likiwa limekaa kabatini bila kuvaliwa. Linafika dukani likiwa zima, linabanduka siku ya pili njiani. Bonyeza soli kwa kidole gumba kwa nguvu: ikikaa kama imekauka au ikionyesha nyufa ndogondogo, liache. Makoti ya mvua ya zamani yana ugonjwa huohuo. Geuza ndani, na ukiona utando unabanduka kama ngozi iliyoungua, halizuii maji tena. Helmeti, kamba za kupandia na viti vya watoto vya garini havinunuliwi vimetumika, hata viwe na sura gani, kwa sababu pigo lililoviharibu halionekani kwa macho.

Vifaa vya umeme ni hesabu ya volti. Marekani ni 120, Japani 100, Ulaya 230. Chaja nyingi za kisasa hukubali zote, imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Pasi, birika na mashine ya kukaushia nywele hazikubali. Santuri hucheza popote duniani. DVD hazichezi: zimegawanywa kwa kanda, Marekani na Kanada kanda ya 1, Ulaya na Japani ya 2, Australia ya 4, sehemu kubwa ya Afrika ya 5, na mashine ya nyumbani inaweza kuikataa sahani uliyoibeba kilomita maelfu.

Kwenye kapu la vijiko na uma, pindua na usome nyuma. Herufi EPNS maana yake ni aloi iliyopakwa madini ya fedha juu tu. Fedha halisi huwa na 925, na ya England huwa na alama ya simba anayetembea. Watu wa kuchambua wanazijua alama hizo, ila kwenye kapu la vijiko mia mbili jicho huchoka. Kikombe chenye maneno "West Germany" (Ujerumani Magharibi) kilitengenezwa kabla ya 1990. Vyombo vya udongo vya zamani vyenye rangi kali navipenda kutazama. Kulia chakula sithubutu, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakitumika kwenye rangi na ung'arisho wa zamani.

Forodha haijali kuwa ulinunua rahisi

Mwaka 2018 mfanyabiashara wa vitu vya kale alinunua kichwa cha marumaru chini ya meza kwenye duka la Goodwill mjini Austin, Texas, kwa dola 34.99. Kilikuwa sanamu halisi ya Kirumi. Kabla ya vita kuu ya pili ilikuwa Aschaffenburg, Bavaria, katika jengo la Pompejanum lililojengwa na mfalme Ludwig wa Kwanza kuiga nyumba ya Pompeii, na inadhaniwa kuwa mwanajeshi wa Marekani ndiye aliyeivusha bahari. Watu hukumbuka bei. Kilichofuata ni muhimu zaidi: kwa kuwa Ujerumani haikuwahi kuiuza, mnunuzi hakuweza kuwa mmiliki wake kwa haki, sembuse kuiuza. Baada ya makubaliano ilionyeshwa mwaka mmoja kwenye jumba la makumbusho la San Antonio, kisha mwaka 2023 ikarudishwa Bavaria. Risiti ya duka la hisani inathibitisha kuwa ulilipa, haithibitishi kuwa kitu kilikuwa cha kuuzwa.

Msafiri wa kawaida hatakutana na sanamu ya Kirumi. Atakutana na bangili ya pembe ya ndovu, kitana cha gamba la ng'amba, mkoba wa ngozi ya mamba, mkufu wa marijani. Vitu vya namna hiyo vimejaa kwenye nyumba za wazee wa Ulaya na Amerika, na vikichangwa hupenya. Mkataba wa CITES, unaofanya kazi tangu 1975, unasimamia kuvusha mpakani viumbe vilivyo hatarini pamoja na vitu vilivyotengenezwa kwao, na kuzeeka kwa kitu au udogo wa bei yake havikusamehe kibali. Pembe ya ndovu ni hatari zaidi: biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na Uingereza tangu 2022 hata kuiuza ndani ya nchi hairuhusiwi isipokuwa kwa misamaha michache. Ukiwa na shaka kama ni pembe au plastiki, liache palepale.

Australia na New Zealand zina wasiwasi wa aina nyingine: udongo, mbegu na wadudu. Buti zilizotumika, hema, kikapu cha majani, kinyago cha mti, kofia yenye manyoya ya ndege, vyote hutangazwa kwenye fomu ya kuingia. New Zealand hutoza faini ya papo hapo ya dola 400 za huko kwa asiyetangaza. Ukitangaza, mara nyingi hukaguliwa, husafishwa, hurudishiwa.

Kuhusu ushuru, kitu kilichotumika ni bidhaa iliyonunuliwa nje kama nyingine yoyote. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege akitoka nje anaruhusiwa bidhaa za euro 430 bila ushuru. Uingereza ni pauni 390. Kwa bei za maduka ya hisani ni vigumu kufika huko, lakini tunza risiti, maana afisa akiona koti la jina kubwa atakadiria bei ya jipya.

Siku ya kuondoka

Begi likikataa kufunga, duka lilelile ndilo linalopokea. Peleka mchana, wakati limefunguliwa, umkabidhi mtu. Mfuko ulioachwa mlangoni usiku hunyeshewa au kuchakurwa, na Uingereza huweza kuhesabiwa kuwa utupaji wa taka. Ukiulizwa habari za Gift Aid na hulipi kodi ya Uingereza, jibu ni hapana. Ukisema ndiyo kwa ukarimu, wewe mwenyewe unaweza kudaiwa pesa hiyo. Vifaa vya umeme ulizia kwanza, kwani si kila duka lina mtu wa kuvipima usalama. Duka likiwa limefungwa na ndege inakusubiri, yapo masanduku ya chuma ya nguo kwenye maegesho na kando ya maduka makubwa. Soma jina na namba ya usajili ubavuni kabla hujatumbukiza: mengine ni ya mashirika ya hisani, mengine ni ya kampuni za kawaida, na England na Wales namba hiyo unaweza kuihakiki bure kwa simu kwenye daftari la Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, ukiwa umesimama palepale.